Je, Wajua? Python Ndogo Iliyomo Ndani ya Debian

Python ni lugha ya programu iliyoasisiwa nchini Uholanzi na Guido van Rossum na kutolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 1991. Lugha hii husambazwa pamoja na maktaba kubwa ya msingi, yaani mkusanyiko wa moduli zilizokwisha kuandikwa, ambazo humwezesha mwandishi wa programu kushughulikia hifadhidata, barua pepe au madirisha ya skrini bila kutafuta zana nyingine. Wingi huo ni neema kwa mwandishi huyo, lakini ni mzigo kwa kompyuta inayohitaji kutekeleza kazi chache za msingi wakati ndiyo kwanza inawaka, na kwa ajili ya mazingira kama hayo mradi wa Debian hutengeneza Python ndogo, inayoitwa python3-minimal.

Debian ni mfumo endeshi huria ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na programu zake husambazwa kwa vifurushi vyenye majina yanayoishia na .deb. Kifurushi cha aina hii kina sehemu tatu: faili dogo linalotaja toleo la muundo wake, jalada la maelezo ya usimamizi, na jalada lenye mafaili yatakayowekwa kwenye diski. Sehemu ya pili ndiyo inayobeba utegemezi, yaani orodha ya vifurushi vingine ambavyo bila hivyo programu haiwezi kufanya kazi, na orodha hiyo husomwa na programu mbili zinazosaidiana: APT, ambayo hutafuta na kupakua kila kinachohitajika, na dpkg, ambayo huvifungua vifurushi na kuvisanidi.

Katika Debian 12, iliyotolewa mwaka 2023, Python ndogo imegawanywa katika tabaka tatu. Kifurushi cha juu, python3-minimal, kina kiungo kinachoelekeza jina la jumla la python3 kwenye toleo lililopo. Chini yake kuna python3.11-minimal, chenye mkalimani, yaani programu inayosoma maagizo ya Python na kuyatekeleza. Na chini zaidi kuna libpython3.11-minimal, chenye moduli chache zisizoweza kukosekana. Mgawanyo huo huruhusu toleo la lugha kubadilishwa bila programu nyingine kulazimika kujua namba yake, kwa kuwa zenyewe hutegemea lile jina la juu lisilobadilika.

Undani wa usimamizi wa utegemezi huonekana katika maelezo ya python3.11-minimal. Kifurushi hiki hudai libpython3.11-minimal ya toleo lilelile hasa, kwa mfano 3.11.2-6, ambapo 3.11.2 ni namba iliyotolewa na watengenezaji wa Python na 6 ni hesabu ya marekebisho ya Debian, kwa sababu mkalimani na moduli zake hutoka katika msimbo mmoja na haviwezi kuchanganywa ovyo. Kwa zlib, maktaba ya kubana na kukunjua data, na kwa expat, maktaba ya kusoma XML, sharti ni lenye nafasi zaidi: toleo fulani au jipya kuliko hilo. Maktaba ya lugha ya C, ambayo karibu kila programu huitegemea, hupewa daraja la juu kuliko zote, kwani dpkg hutakiwa kuhakikisha kwamba imekwisha kusanidiwa kabla hata ya kuanza kukifungua kifurushi cha mkalimani.

Yapo pia mafaili ambayo hayasafirishwi kabisa. Ili kuharakisha kazi, Python hugeuza msimbo wake kuwa umbo la kati na kulihifadhi katika mafaili ya aina ya pyc, lakini Debian huyaacha nje ya vifurushi na kuyazalisha ndani ya kompyuta ya mtumiaji wakati wa usakinishaji. Kwa kuwa dpkg haina mafaili hayo katika kumbukumbu zake, hati ndogo zinazoambatana na kifurushi ndizo hupewa jukumu la kuyafuta kinapoondolewa, yasije yakabaki kama takataka.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mkalimani asifungwe pamoja na kila anachohitaji, ili asimtegemee yeyote. Jibu lilionekana waziwazi mwezi Aprili 2014, ilipotangazwa hitilafu ya Heartbleed katika OpenSSL, maktaba ya usimbaji iliyotumiwa na programu nyingi mno, ambayo ilimwezesha mshambulizi kusoma sehemu za kumbukumbu ya kompyuta akiwa mbali. Katika Debian ilitosha kutoa kifurushi kimoja kilichorekebishwa, na programu zote zilizotumia maktaba hiyo kwa pamoja zilipona mara tu zilipowashwa upya, ilhali kila programu iliyokuwa imebeba nakala yake ya ndani ilibidi itafutwe na kutengenezwa upya peke yake.

Hata hivyo, udogo una gharama yake. Anayeiwekea kompyuta python3-minimal pekee, kisha akaendesha programu inayohitaji moduli ya hifadhidata ya sqlite3, hujibiwa kwamba moduli hiyo haipo, kwa sababu imewekwa katika kifurushi kingine cha maktaba ya msingi pamoja na utegemezi wake wa SQLite. Hilo si kosa la kifurushi, kwani python3-minimal imekusudiwa kazi za msingi za mfumo, na anayeandika programu za kawaida hupaswa kusakinisha kifurushi kamili cha python3. Kazi ya mfungaji wa vifurushi, basi, haiishii katika kupunguza mafaili. Humlazimu ajue kila moduli inaitegemea ipi na aandike utegemezi huo kwa usahihi, kwa sababu moduli moja iliyoachwa nje kimakosa inaweza kuukwamisha mfumo mzima, na moja iliyoingizwa bila sababu huja na msururu wa vifurushi ambavyo hakuna aliyevihitaji.