Pumu Inayotoka Kwenye Maganda ya Viazi

Anayelia akikata kitunguu maji hana mzio. Kisu kikipasua chembe za kitunguu, vimeng'enya viwili hupokezana kazi na kutoa gesi yenye salfa inayowasha macho ya yeyote aliye karibu. Mzio ni habari nyingine, kwa sababu wenyewe huchagua mtu.

Mpishi mmoja atamenya viazi miaka nenda rudi na asisikie kitu. Mwenzake wa jiko hilohilo hupiga chafya, pua ikamtiririka, hatimaye kifua kikabana na kuanza kulia filimbi. Chanzo ni patatini, protini ambayo kiazi mviringo hujiwekea akiba. Kiazi kibichi kinapomenywa, vitone vya majimaji yake hupaa hewani. Mwili wa huyu wa pili umekwisha kuitengenezea patatini kingamwili za aina ya IgE. Zikikutana nayo puani au mapafuni, seli humwaga histamini na njia za hewa huvimba.

Mtu huyohuyo aghalabu hula chipsi salama, maana moto huiharibu patatini. Hapo ndipo mgonjwa anapokosa wa kumwamini: mzio gani wa viazi, na jana kamaliza sahani nzima? Huko Hispania madaktari wameeleza habari za wanawake waliopata pumu kwa kushika maharage mabichi ya kijani, ilhali yakipikwa wanayala bila shida. Patatini pia ina ndugu yake katika utomvu wa mpira, hivyo mwenye mzio wa glavu za mpira ana sababu ya kuviangalia viazi kwa jicho la pili.

Kitunguu saumu hutesa zaidi kikiwa unga. Wafanyakazi wa viwanda vya viungo wamepata pumu kwa kuvuta vumbi lake, na mshukiwa mkuu ni alinase, kimeng'enya kilekile kinachokipa kitunguu saumu harufu yake.

Daktari akishuku mzio wa namna hii, anaweza kuchoma sindano kwenye mboga yenyewe, kisha kwenye ngozi ya mgonjwa, na kusubiri kama dakika 15 aone iwapo patavimba. Mboga hiyo iwe mbichi. Ya kuchemshwa inaweza kuficha ugonjwa. Na jaribio hili halifanywi nyumbani, kwani wapo ambao mwili mzima huitikia.