Theluji isiifanye baiskeli yako kuwa pambo

Ndugu zetu wengi wanaishi sasa katika nchi za baridi: wako Minneapolis, wako Toronto, wako Stockholm na Oslo. Mwishoni mwa Desemba mchana wa Stockholm ni wa muda wa saa sita hivi, na aendaye kazini huondoka gizani akarejea gizani. Barabarani pana barafu isiyoonekana kwa macho, na chumvi inayomwagwa ili kuiyeyusha hula mnyororo wa baiskeli kama upepo wa bahari ulavyo bati. Basi ile baiskeli iliyomchukua mtu tangu Mei huegeshwa sebuleni, ikawa mahali pa kutundikia makoti, na mwenyewe akakaa kitako mpaka Aprili.

Kukaa huko si jambo la kudharauliwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na majira ya baridi hayakupewa msamaha. Kwa mtu ambaye wazazi wake wote wawili wana kisukari au shinikizo la damu, miezi mitano ya kukaa, mwaka baada ya mwaka, ni deni linalolimbikizwa. Ndiyo maana tunakueleza leo, msomaji uliye huko, na hata wewe mzazi uliye nyumbani unayemwona mwanao kwenye simu akizidi kunenepa, juu ya stendi ya mazoezi ya baiskeli.

Usiichanganye na baiskeli ya mazoezi ya kwenye jimu, ambayo ni mashine kamili. Stendi hii huishika baiskeli yako mwenyewe, ukakanyaga pedali wala usiende popote.

Zipo za namna tatu. Ya kale kuliko zote ni mapipa matatu membamba yaliyolazwa ndani ya fremu, mawili chini ya gurudumu la nyuma na moja chini ya lile la mbele. Hakuna kinachoishika baiskeli; asiyejua kujimudu ataanguka hapo hapo. Ya pili huibana baiskeli kwenye ekseli ya nyuma, na kipipa kidogo kikaukandamiza mpira wa tairi. Uzito wake hutokana na feni, sumaku au mafuta yaliyofungiwa ndani. Ile ya feni hunguruma. Ya sumaku ina utulivu zaidi. Ya mafuta huzidi kuwa nzito kadiri unavyokaza mwendo, jambo linalofanana sana na barabara. Ya tatu hutaka gurudumu la nyuma liondolewe kabisa, mnyororo ukavishwa kwenye gia za stendi yenyewe. Hiyo ni tulivu, ni nzito kubeba na bei yake ni kali. Nyingi za namna hii huungana na kompyuta, na mlima ukitokea kwenye kioo pedali nazo huwa nzito.

Hapana shaka vyombo hivyo vimefanya makubwa. Mwaka 2016 Mathew Hayman wa Australia alivunjika mkono mwezi wa Februari, akafanya mazoezi ndani ya nyumba juu ya stendi, na mwezi wa Aprili akashinda mashindano ya Paris–Roubaix. Mwaka 2020, yalipofanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya dunia ya baiskeli kwa njia ya kompyuta, mshindi wa wanawake alikuwa Mwafrika, Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Lakini wewe hutafuti nishani, watafuta pumzi. Kwa majira yako ya kwanza, rai yetu ni ile ya pili, ya sumaku au ya mafuta, hata ikiwa imekwisha tumika na mtu mwingine. Fedha zitakazobaki nunua feni ya chumbani na mkeka mnene wa mpira.

Kabla hujalipa, tazama ekseli yako. Stendi nyingi za namna hiyo hutaka ekseli ya kufungua kwa kiwiko. Baiskeli ya nati, au ile ya ekseli nene ipenyayo fremu, huhitaji kipande cha kuunganishia. Karia na madigadi huenda vikazuia. Tairi la meno ya kupandia matope litatetemesha nyumba nzima, kwa hiyo weka laini. Yapo matairi yaliyotengenezwa kwa stendi tu, nayo yasitumike barabarani kamwe, maana huteleza.

JIRANI WA CHINI

Wengi wanaishi katika majumba ya ghorofa, na hapa ndipo ugomvi huanzia. Mlio wa gurudumu husikika kwako, lakini mtetemeko hushuka sakafuni na kuingia kwenye dari ya mwenzako. Fikiri juu ya mama anayehudumia wazee kwa zamu, arudiye saa tano ya usiku: saa hiyo ndiyo nafasi yake, nayo ndiyo saa ya usingizi wa jirani. Tandika mkeka, sogeza stendi karibu na ukuta mnene badala ya katikati ya chumba, kisha teremka ubishe hodi. Mwulize saa zinazomfaa. Jirani aliyeulizwa huvumilia mengi. Aliyeshtushwa usiku atampigia simu mwenye nyumba.

WATOTO

Hili ni kubwa kuliko yote. Gurudumu huzunguka kwa kasi ya barabarani hali limesimama mahali pamoja, na mtoto wa miaka miwili haogopi kitu kisichomjia. Kidole kikiingia kwenye njiti, au kati ya tairi na kipipa, hakuna muda wa kupiga kelele. Funga mlango, au elekeza gurudumu la nyuma ukutani mtoto asifike. Ukimaliza, shika breki mpaka lisimame kabisa ndipo ushuke. Na kumbuka kwamba stendi ya mafuta hubaki ya moto kwa muda.

Kupanda kwenyewe kwataka subira. Ndani hakuna upepo wa kukupoza, hivyo feni ikuelekee, maji yawe karibu, na taulo lifunike usukani, kwani jasho nalo ni chumvi. Weka kibao chini ya gurudumu la mbele ili baiskeli ilale sawa. Anza na dakika kumi za mwendo mwepesi, kisha ishirini ambazo waweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Mara nne au tano kwa wiki zatosha. Inuka kwenye kiti mara kwa mara, maana baiskeli isiyoyumba hukandamiza mahali pamoja. Anayetumia dawa za moyo amwone daktari kwanza, na maumivu ya kifua yakianza, acha papo hapo utafute msaada.

Kama nafasi ipo, usiifungue stendi kila siku. Kinachohitaji robo saa kutayarishwa husahauliwa kufikia Januari.

Theluji ikiyeyuka, rudisha tairi la barabarani, futa jasho lililokauka kwenye usukani na boliti zake, tia mnyororo mafuta, na uikaze upya ekseli ya nyuma kabla hujatoka.