Kidimbwi cha Kuogelea Nyumbani: Ua Kwanza, Vigae Baadaye

Mtaa wa Fedha, kule Embakasi, si Karen wala Muthaiga. Nyumba zimebanana na nyua ni finyu. Hata hivyo, mwenye nyumba aliyebakiwa na nafasi kidogo huenda akatamani kuwachimbia wanawe kidimbwi cha kuogelea. Si vibaya, kwani kuogelea ni mazoezi mema kwa moyo na mapafu. Lakini kabla ya kumwita fundi, piga hesabu.

Kidimbwi cha mita 8 kwa 4, chenye kina cha wastani cha mita 1.5, humeza lita 48,000. Hayo ni karibu malori matano ya lita 10,000, katika jiji ambalo maji ya mfereji huja kwa mgao. Hutaweza kuyamwaga kila wiki. Yatakaa, kwa hivyo sharti yachujwe kwa pampu na kutiwa klorini, miligramu 1 hadi 3 kwa kila lita, na yapimwe mara kwa mara. Maji yang'aayo si lazima yawe safi. Mtoto anayehara asiingie kabisa, kwa maana kijidudu kiitwacho Cryptosporidium huweza kuishi siku kadhaa ndani ya klorini.

Udongo mweusi wa Embakasi nao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Mtafute mhandisi, la sivyo kuta zitapata nyufa.

Jambo zito zaidi ni ua. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, takriban robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto mdogo huzama kimya, bila mayowe, wakati yaya akianika nguo. Ukuta wa ploti hautoshi, kwani hatari hutokea mlango wa jikoni. Zungushia kidimbwi chenyewe ua pande zote nne, urefu usiopungua mita 1.2, wenye lango linalojifunga lenyewe na komeo asilolifikia mtoto. Fedha ikipungua, punguza vigae, si ua.

Klorini ifungiwe kabatini, mbali na asidi, maana zikichanganyika hutoa hewa ya sumu. Unapoipima, tia dawa ndani ya maji. Usimimine maji juu ya dawa.