Mifupa inauma, figo ina mawe? Huenda tatizo liko shingoni

Umelalamika kwa miezi kwamba mifupa inauma, unachoka hata kabla ya kufika kazini, choo ni kigumu na kiu haikatiki. Umemeza dawa za maumivu na kuambiwa ni umri. Kisha siku moja fomu ya maabara inaonyesha kalsiamu imepanda. Usiikunje fomu hiyo na kuitia mfukoni.

Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, watu wengi wana vitezi vinne vidogo kama punje za mchele. Huitwa parathiroidi. Kalsiamu ikipungua damuni, hutoa homoni ya PTH, ambayo huchota madini hayo mifupani na kuzuia figo zisiyapoteze kwenye mkojo. Kalsiamu ikitosha, vitezi hutulia.

Shida huanza kimoja kikikataa kutulia, mara nyingi kwa sababu kimeota uvimbe mdogo usio wa saratani. Mifupa huzidi kuchotwa, na kalsiamu inayojaa kwenye mkojo huweza kuganda ikawa mawe. Wanawake waliokoma hedhi ndio huathirika zaidi.

Baharia Mmarekani, Charles Martell, alifupika kwa zaidi ya sentimita 15 kwa ugonjwa huu. Alipasuliwa mara sita bila mafanikio. Mara ya saba, mwaka 1932, kitezi kibovu kilipatikana kifuani. Alifariki wiki chache baadaye, figo zikiwa zimeshaharibika. Siku hizi, kwa bahati nzuri, kuna picha za kumwelekeza daktari kabla hajashika kisu.

Kiwango cha kawaida ni takriban milimoli 2.2 hadi 2.6 kwa lita. Kikizidi, mwombe daktari akupime PTH pia. Kalsiamu ikiwa juu, PTH ilipaswa kushuka. Isiposhuka, mshukiwa mkuu ni kitezi. Ikiwa imeshuka, daktari atatafuta kwingine, kwa mfano saratani au vitamini D iliyozidi. Mtajie dawa zako zote, kwani baadhi ya dawa za presha zinazoongeza mkojo hupandisha kalsiamu.

Wengi hukimbilia kuacha maziwa. Hiyo si tiba, kwani kitezi kitazidi kuifuata mifupa. Kinachoponya ni upasuaji wa kukiondoa, ingawa wasio na dalili huweza kufuatiliwa kwa vipimo tu. Kunywa maji ya kutosha. Na ukianza kutapika, kuchanganyikiwa au kusinzia ovyo, usingoje kliniki ya wiki ijayo, nenda hospitalini usiku huo huo.