Njia na faida ya mlimaji

Mlimaji, mwaka 1910 reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Zamani mizigo ilipita juu ya vichwa vya watu: mpagazi mmoja alichukua kilo 25 ao 30 tu. Behewa moja linachukua mizigo ya mamia ya wapagazi. Lakini njia ikipita karibu na mugini wako, utajuaje kama inakufaa wewe?

Usitazame bei ya mjini peke yake. Pima hivi. Tuseme gunia la muhindi linauzwa mjini franka 100. Unamlipa mwenye motokari franka 40, na gunia tupu franka 5. Zinabaki 55. Hizo ndizo bei yako ya kweli. Hesabu pia magunia yaliyooza ao kuliwa na wadudu yakingoja motokari.

Barabara ikitengenezwa, pima tena. Nauli ikishuka, nazo 55 zisipoongezeka, faida imebaki kwa mchuuzi. Basi kusanyeni magunia ya migini miwili mitatu, mkaite wanunuzi zaidi ya mmoja. Tena, safisheni mitaro ya njia mbele ya mvua. Shimo moja linapandisha nauli ya kila gunia.