Jeni Iliyofungwa: Kwa Nini Mtoto Mwenye Selimundu Huzaliwa Akiwa na Afya Njema

Wazazi wengi wanaofika katika kliniki za selimundu huuliza swali moja. Mtoto alizaliwa salama, akanyonya vizuri, akaongezeka uzito. Mbona alipokaribia miezi sita vidole vilivimba, macho yakawa ya manjano na damu ikaanza kupungua? Kwa kuwa ugonjwa haukuonekana siku ya kuzaliwa, wapo wanaoamini kwamba uliletwa baadaye na mkono wa mtu, na mara nyingi lawama humwangukia mama. Jibu linapatikana katika elimu ya udhibiti wa jeni, na jibu hilohilo ndilo lililozaa tiba mpya za miaka ya karibuni.

Maandishi yaleyale, usomaji tofauti

Karibu kila seli ya mwili hubeba DNA ileile, yenye jeni takriban 20,000 za kutengenezea protini. Hata hivyo, seli ya ini haifanyi kazi ya seli ya ubongo, kwa sababu kila seli husoma baadhi tu ya jeni na kuziacha nyingine zimefungwa. DNA huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye kijiti. Palipokazwa sana, jeni haisomeki, palipolegezwa, husomeka. Aidha, alama ndogo za kikemikali ziitwazo methili hubandikwa juu ya DNA na kusaidia kuifunga jeni. Elimu ya alama hizo, zinazoamua kitakachosomwa bila kubadilisha hata herufi moja ya DNA, ndiyo epijenetiki.

Himoglobini mbili za mtu mmoja

Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu. Mtoto aliye tumboni hutumia himoglobini ya kijusi, ambayo hushika oksijeni kwa nguvu zaidi na hivyo kuipokea kutoka damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Karibu na kuzaliwa, jeni yake huanza kufungwa na ile ya himoglobini ya watu wazima hushika zamu. Kufikia mwaka mmoja, kwa watoto wengi himoglobini ya kijusi huwa imebaki kidogo sana.

Kosa la selimundu limo katika jeni ya watu wazima peke yake: herufi moja ya DNA imebadilika, na kwa sababu hiyo himoglobini hugandamana inapopungukiwa oksijeni na kuipinda seli iwe na umbo la mundu. Basi mtoto huzaliwa na ugonjwa tayari, lakini himoglobini ya kijusi humkinga. Kinga hiyo inapopungua, dalili hujitokeza. Hakuna aliyemfanyia jambo. Zamu ya jeni imebadilika tu.

Mfungaji agunduliwa

Madaktari walikwisha kuona kwamba baadhi ya wagonjwa, wakiwamo wengi wa mashariki ya Saudi Arabia, hubaki na himoglobini ya kijusi kwa wingi na ugonjwa wao huwa mwepesi. Ilikuwa dalili kwamba jeni ya kijusi haipotei, bali hufungwa. Mwaka 2008 watafiti wa Boston, miongoni mwao Vijay Sankaran na Stuart Orkin, walionyesha kwamba protini iitwayo BCL11A ni miongoni mwa wafungaji wakuu wa jeni hiyo. Mwaka 2011 panya wenye selimundu walioondolewa protini hiyo katika seli zao za damu walipona dalili za ugonjwa.

Kutokana na ugunduzi huo, Uingereza na Marekani ziliidhinisha mwishoni mwa mwaka 2023 tiba iitwayo Casgevy. Seli mama za damu za mgonjwa hutolewa, kisha kwa mbinu ya CRISPR hukatwa sehemu ya DNA inayoiwasha BCL11A katika seli nyekundu. Mgonjwa hupewa dawa kali za kuondoa uloto wa zamani, ndipo seli zake hurudishwa. Jeni yenye kosa haiguswi. Inayofunguliwa ni ile ya utotoni. Bei yake nchini Marekani ni takriban dola milioni 2.2, nayo huhitaji hospitali yenye uwezo wa kupandikiza uloto.

Dawa iliyo karibu nasi

Hata hivyo, lengo hilohilo la kuongeza himoglobini ya kijusi hufikiwa kwa sehemu na kidonge cha haidroksiyurea. Utafiti uitwao REACH, uliotolewa mwaka 2019, uliwahusisha watoto 606 waliopewa dawa hiyo Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Matukio ya maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, mahitaji ya kuongezewa damu yakashuka, na vifo vikapungua. Wengi walihofu kwamba dawa ingeongeza malaria; kinyume chake, malaria ilipungua kwa karibu nusu.

Dawa hii haiponyi. Humezwa kila siku, na hesabu ya seli za damu hupimwa mara kwa mara kwa kuwa inaweza kuzishusha kupita kiasi. Anayetarajia kupata mtoto azungumze kwanza na daktari wake.

Yanayotuhusu

Kwa mhudumu wa afya: kipimo cha haraka cha seli mundu kinaweza kutoonyesha ugonjwa kwa mtoto wa chini ya miezi sita, kwa kuwa himoglobini ya kijusi huuficha. Tumia kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, na usimwambie mzazi kuwa mtoto ni mzima kwa sababu tu amenenepa.

Kwa mzazi: miezi ya mwanzo isiyo na dalili ndiyo nafasi ya kumwanzishia mtoto penisilini, chanjo na kinga ya malaria. Homa kwa mtoto huyu ni dharura. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Jihadhari na anayeuza mizizi au juisi kwa madai ya kufungua jeni.

Na lawama ziwekwe kando. Mtoto hupata selimundu kwa kurithi jeni kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa. Kwa hiyo waende kupima pamoja.