Mti mmoja, karamu mbili

Msomaji wetu, umewahi kufika Mji wa Kale wa Mombasa saa nne asubuhi, tumbo likikudai, ukaulizia mahamri na mbaazi, ukatazamwa kwa huruma? Mimi yalinifika. Nilikuwa nimeshuka basi la usiku kutoka Nairobi, nikaamua kujinyoosha kidogo kabla ya kwenda Kibokoni. Kidogo hicho kikawa saa tatu. Nilipofika, mama muuzaji alikuwa akisugua sufuria.

"Umelala, mwanangu," aliniambia. "Mbaazi hazingoji mtu."

Chakula cha Pwani kina saa zake, na ukizipuuza utarudi bara ukisimulia chipsi. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Mahamri yalikuwa yanatoka karaini yakiwa yamefura, yananukia iliki, na mbaazi zilikuwa zimetulia katika tui zito lenye kuteleza ulimini. Nilikula sahani mbili. Ya tatu nilizuiwa na aibu tu.

Hebu nikueleze linalofanyika jikoni, maana wengi wetu tunaoishi mijini tunaijua nazi kwa kopo au kwa pakiti ya unga. Mbaazi hulowekwa usiku, huchemshwa hadi zilainike, kisha hutiwa tui la pili, lile jepesi linalotoka machicha yanapokamuliwa tena. Tui la kwanza, ambalo wenyewe huliita kasimile, hutiwa mwisho kabisa. Moto huwa mdogo na mwiko haupumziki, la sivyo tui hukatika na kitoweo kikawa maji na mafuta. Ukimwona mpishi anamwaga tui lote mara moja, lipa chai yako uondoke polepole.

Mchana nilikula samaki wa kupaka katika mkahawa mdogo wenye meza nne na feni moja. Changu mzima alichomwa kwanza kwenye makaa, kisha akapakwa mchuzi wa tui uliotiwa ukwaju, pilipili na bizari, akarudishwa motoni, akapakwa tena. Nimewahi kula samaki wa jina hilo hilo katika hoteli ya kitalii, akiwa amelala chini ya taa ya kupashia moto tangu adhuhuri. Tusilinganishe. Iwapo una pesa za mlo mmoja tu Mombasa, tafuta mkahawa ambako madereva na makarani wa forodha wanakula, nawa mikono, uketi.

Yule mwenye mkahawa aliniambia jambo lililonikaa akilini. Nazi, alisema, zimekuwa ndogo na ghali, na kuna siku anazifuata hadi Kongowea alfajiri akarudi na nusu ya alizotaka. Nilimwuliza zinaenda wapi, ilhali kaunti za Kilifi na Kwale zimejaa minazi. Alicheka. "Zinanywewa," akasema.

Sikumwelewa. Nilidhani anasema madafu.

Mji wa Kale ni mji wa Waislamu, na humo utashushia chakula kwa maji ya ukwaju au dafu. Usithubutu kuulizia kileo. Ni utovu wa adabu. Mwenye hamu ya kuonja mvinyo wa kienyeji hana budi kupanda matatu, kutoka kisiwani, kufika Mazeras na kukata kulia kuelekea Rabai na Kaloleni. Ndivyo nilivyofanya siku iliyofuata. Rabai yenyewe ina historia ndefu, maana ndiko mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alikoanzisha kituo chake 1846, lakini kusema kweli siku hiyo sikuwa na haja ya makumbusho. Nilikuwa na mwenyeji aliyeniahidi mnazi.

Mahali pa kunywea huitwa mangwe. Usitarajie kaunta wala muziki. Ni kivuli cha makuti, mabenchi, wazee wanaozungumza kwa sauti ya chini, na mama anayekaanga samaki na mihogo kando. Unapoingia salimia wote kwanza. Utaletewa kibuyu kidogo, mboko, pamoja na mrija wenye kichujio kwenye ncha yake ya chini, maana ndani ya mnazi halisi hamkosi nyuki mmoja au wawili waliokufa kwa ulafi. Nyuki hao wasikutie kinyaa. Wasiwe nao ndipo uanze kushuku.

Nilionja. Ulikuwa mweupe kama maji ya mchele, una povu, una utamu wa mbele na ukali unaokuja nyuma kama mgeni aliyechelewa. Nikaomba kumwona mgema.

Nilipelekwa kwenye boma la mzee mmoja karibu na hapo. Alikuwa juu ya mti. Mnazi mrefu wa Pwani unaweza kupita mita 20, naye alikuwa amepanda kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, kotama kiunoni, kibuyu begani. Aliposhuka alinieleza kazi yake, nami nikaelewa neno la yule mwenye mkahawa.

Tembo halitoki kwenye shina wala kwenye nazi, kama wengi wetu wa bara tunavyofikiri. Hutoka kwenye karara, lile ganda refu linalofunika ua la mnazi. Mgema hulitafuta karara changa kabla halijapasuka, hulifunga kwa kamba lisifunguke, hulipinda kwa siku kadhaa hadi liiname, kisha hukata ncha. Utomvu huanza kudondoka kwenye kibuyu, tone kwa tone. Asubuhi na jioni, mvua iwe inanyesha au jua linawaka, hupanda tena, hukusanya kilichodondoka, na hukata kipande kingine chembamba kama ukucha ili kidonda cha ua kisifunge.

Sasa fikiri, msomaji. Ua lililofungwa kamba haliwi nazi. Mnazi wenye afya hutoa karara jipya karibu kila mwezi, na kila karara ama litakuwa shada la nazi, ama litakuwa tembo. Mbaazi nilizokula Kibokoni na kibuyu nilichokinywa mangwe vinagombea ua moja.

Katika boma lile ugomvi huo ulikuwa na sura na sauti. Mzee alikuwa na minazi tisa iliyokomaa. Saba aliigema. Miwili ilikuwa ya mkewe, kwa maana kwamba alikuwa ameikataza. Mama huyo alituletea viti, akaketi pembeni kwenye mbuzi, akawa anakuna nazi huku akisikiliza.

"Mwulize tembo linalipa nini," alimwambia mwenyeji wangu, akiwa ananielekea mimi.

Mzee hakukasirika. Alisema kwamba nazi ni mali ya mwenye subira, kwa kuwa tangu ua lipasuke hadi nazi ikauke ni kiasi cha mwaka mzima. Tembo ni pesa za leo jioni. Mtoto wao wa mwisho alikuwa anaingia shule ya bweni, na mhasibu wa shule, alisema, hapokei ahadi ya nazi.

"Nami nazinunua Mazeras," mama alijibu. "Nimezungukwa na minazi, nabeba nazi kwenye matatu kama mtu wa Nairobi."

Walicheka wote wawili, lakini nilimwona mzee akitazama ile miwili ya mkewe. Alitaka mmoja. Hilo halikuhitaji kufasiriwa.

Ugomvi wa namna hii ni wa zamani huko. Mwanaanthropolojia Mwingereza David Parkin aliandika kitabu kizima kuhusu Wagiriama, minazi yao, tembo lao na mashahidi wao, kikatoka 1972. Mnazi kwao ni mali inayoweza kuuzwa au kuwekwa rehani peke yake bila ardhi iliyo chini yake, na mashahidi wa mapatano hayo ni wazee wanaokaribishwa kwa tembo. Hata posa haizungumzwi kwa koo kavu.

Turudi kwenye ladha, maana ndiyo iliyonitoa nyumbani. Kama mbaazi, tembo nalo lina saa zake. Lililoshushwa alfajiri ni tembo tamu, karibu sharubati, nalo hupendeza na mihogo ya kukaanga. Huanza kuchacha lenyewe tangu likiwa mtini, bila kutiwa kitu, kwa chachu iliyomo hewani na kibuyuni. Adhuhuri utamu na ukali hulingana. Hiyo ndiyo saa ninayoipenda, na samaki wa kukaanga mwenye ndimu na pilipili ndiye mwenzi wake. Jioni huwa tembo kali, la watu wasio na safari. Lililolala linaelekea kuwa siki. Mvinyo wa zabibu kutoka Afrika Kusini utakaa kwenye chupa miaka ukikungoja. Huu wetu hauna subira hiyo, ndiyo maana hutaupata Nairobi, na anayekuuzia Nairobi anakuuzia kitu kingine.

Siki yenyewe haimwagwi. Ni nzuri kwenye achari. Wagoa nao wanaijua: Wareno, wale wale walioanza kujenga Fort Jesus 1593, walifika Goa na pishi lao la nyama katika mvinyo na kitunguu saumu, wenyeji wakatumia siki ya mnazi, na pishi hilo leo tunaliita vindaloo.

Lazima nikuonye pia. Njiani kurudi nilisimama mahali pengine, nisipopataja, nikauziwa kibuyu kilichonisumbua usiku kucha. Kilikuwa na utamu wa sukari ya dukani, hakina povu, hakina nyuki, na ukali wake ulichoma koo badala ya kuchangamsha ulimi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku hizi maji ndiyo heri. Usinywe usipomjua mgema, na ukihisi harufu ya dawa au ya spiriti, weka chini uondoke hata kama umeshalipa. Sheria ya vileo ya 2010 hairuhusu kuuziwa aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo ninyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu bakini kwenye madafu na mbaazi, hamtapungukiwa. Na mwenye gari ampe mwingine usukani.

Kabla sijaondoka kwenye lile boma mama alitupakulia wali wa nazi na dagaa waliokaushwa. Nazi ilikuwa ya mti wake. Mzee alikula kimya, akaongeza, akala tena.

Miezi miwili baadaye kazi ilinirudisha Kaloleni, nikapita kuwasalimu na kilo mbili za sukari. Mzee hakuwepo. Mama alikuwa pale pale penye mbuzi yake. Nilitazama juu: kwenye mmoja wa ile minazi miwili kibuyu kilikuwa kinaning'inia, na shina lilikuwa na vidato vipya, vyeupe.

Aliona ninakotazama. "Mpaka mtoto amalize sekondari," alisema, akachukua nusu nyingine ya nazi aliyoinunua Mazeras, akaendelea kukuna.